Kizuri Kisichojiuza: Historia ya Bei za Santuri za Soul

Mwaka 2009 sahani moja ya santuri ya inchi saba iliuzwa nchini Uingereza kwa pauni 25,742. Wimbo uliomo ni "Do I Love You (Indeed I Do)", ulioimbwa na Frank Wilson na kurekodiwa mwaka 1965 chini ya kampuni ya Motown. Mwaka 2020 zikatangazwa habari kwamba nakala ya wimbo huohuo imeuzwa kwa pauni 100,000. Kwa kiasi hicho mtu angeweza kununua nyumba katika baadhi ya miji ya kaskazini mwa Uingereza, na miji hiyo, kama nitakavyoeleza, ndiyo iliyoipandisha sahani hiyo bei.

Kila ninapokitoa kisa hiki darasani, jibu la kwanza huwa lilelile: "Ni mahitaji na ugavi, mwalimu." Jibu hilo si la uongo, ila hutamkwa kana kwamba likishatamkwa hapana tena la kuuliza. Ugavi hautusumbui. Nakala zinazojulikana ni chache mno, na hakuna kiwanda kinachoweza kuongeza hata moja. Lakini uhaba peke yake haujawahi kumtajirisha mtu. Dunia imejaa santuri zilizobaki nakala mbili tatu: hotuba za wanasiasa waliosahauliwa, kwaya za parokia, matangazo ya dawa ya meno, na hakuna anayezitolea hata nauli ya daladala. Swali la mwanahistoria liko upande wa pili: mahitaji haya yalizaliwa na nani, wapi, kwa sababu gani, na faida yake ilimfikia nani?

Tuanze Marekani, zilikotengenezwa. Berry Gordy alianzisha kampuni yake mjini Detroit mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka katika mfuko wa familia yake. Ilipofika katikati ya miaka ya 1960, Motown ilikuwa imethibitisha kwamba muziki wa vijana weusi wa mji wa viwanda vya magari unaweza kuuzwa kwa watu wa rangi zote. Mafanikio hayo yakazaa waigaji. Detroit, Chicago, Philadelphia na Los Angeles zilijaa kampuni ndogo ndogo, nyingine zikiwa na ofisi nyuma ya kinyozi au katika chumba cha chini cha nyumba ya mtu. Mwenye dola mia kadhaa aliweza kukodi studio kwa saa chache, kulipa wapiga vyombo, kuagiza nakala mia tano au elfu moja, kisha kuzipakia kwenye gari na kuzungukia vituo vya redio.

Hapo ndipo wengi walipokwama. Mtangazaji wa redio ndiye aliyekuwa mlango wa soko, na mlango huo mara nyingi ulifunguliwa kwa bahasha. Kashfa ya rushwa redioni ilikuwa imelipuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwaangusha watangazaji mashuhuri, lakini desturi yenyewe haikufa. Sahani ambayo haikupigwa redioni ndani ya majuma machache ilihesabiwa imekufa. Nakala zilizobaki zilirudi ghalani, zikauzwa kwa jumla kwa bei ya kutupa, au zikatupwa kweli. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya muziki ya Marekani ya wakati ule, methali hiyo haikuwa na kazi: kizuri nacho kilijitembeza, tena kilijitembeza na hakikununuliwa. Sahani za soul zilizo ghali leo ni zile zilizoshindwa sokoni. Nyimbo zilizotamba za The Supremes au The Temptations zilichapishwa kwa mamilioni na leo hupatikana kwa bei ya soda.

Kushindwa kule ndiko kulikotoa malighafi. Mahitaji yalikuja baadaye, na yalitoka ng'ambo ya bahari.

Kaskazini mwa Uingereza, katika ukanda wa viwanda vya pamba, migodi ya makaa ya mawe na karakana za vyombo vya udongo, vijana wa tabaka la wafanyakazi waliupenda muziki wa soul wa kasi wa katikati ya miaka ya 1960, nao wakakataa kuuacha. Manchester palikuwa na klabu iliyoitwa Twisted Wheel, ambako dansi zilichezwa usiku kucha. Ilipofungwa mwaka 1971, wachezaji walihamia Golden Torch, ukumbi wa Tunstall katika eneo la Stoke-on-Trent, kisha Blackpool Mecca, na hasa Wigan Casino, uliofungua milango kwa dansi hizo Septemba 1973 na kuifunga Desemba 1981. Jina la mkondo huu, Northern Soul, lilienezwa na Dave Godin, mwandishi wa jarida la Blues & Soul aliyekuwa na duka la santuri London. Aligundua kwamba vijana kutoka kaskazini waliokuja mjini kutazama mpira walipoingia dukani hawakutaka muziki mpya wa funk. Walitaka mtindo uleule wa miaka mitano au sita iliyopita. Mwaka 1970 aliandika juu ya jambo hilo, na jina likashika.

Tutazame kwa makini uamuzi huo wa vijana, kwa sababu bei zote zilizofuata zimechimbuka humo. Kama unapenda muziki wa miaka fulani tu, na wanamuziki wenyewe wamekwisha kuuacha, basi hakuna nyimbo mpya zitakazotengenezwa kwa ajili yako. Lakini kila Jumamosi ukumbi unahitaji kitu kipya cha kuchezea. "Kipya" basi kinapata maana ya ajabu: ni kitu cha zamani ambacho bado hakijasikika. Ukumbi uliokuwa na njaa ya nyimbo mpya uliwalazimisha wachezesha santuri, yaani ma-DJ, kuwa wachimbaji. Walivuka bahari kwenda Marekani, wakaingia katika maghala yenye vumbi ya Philadelphia, Miami na Los Angeles, wakapekua maelfu ya sahani zilizokufa kutafuta moja itakayofufuka. Richard Searling alirudi na "Tainted Love" ya Gloria Jones, wimbo uliotoka mwaka 1965 ukiwa upande wa pili wa sahani ambayo hakuna aliyeijali. Ian Levine, aliyetoka katika familia ya wenye mali ya Blackpool, alizipekua za Florida wakati wa likizo za familia.

Wachezaji wengi hawakuwa na utajiri huo. Walikuwa vijana wa viwandani na migodini, na si mara chache kijana alitoa mshahara wa wiki nzima kwa sahani moja. Thorstein Veblen, aliyeandika mwaka 1899 juu ya watu wanaonunua vitu vya ghali ili waonekane, alikuwa na akilini matajiri wasiofanya kazi. Nadharia yake hunukuliwa sana watu wanapozungumzia wakusanyaji, lakini hapa inatufaa nusu tu. Kijana wa Wigan hakununua sahani ili jirani amwone. Jirani hata asingejua ni kitu gani. Alitaka kutambuliwa na watu mia kadhaa waliokuwa wakijua alichonacho, katika ukumbi ambamo pombe haikuuzwa na ambamo watu walicheza hadi asubuhi, baadhi yao wakisaidiwa na vidonge ambavyo polisi walivifuatilia kwa bidii. Kwa mtu ambaye siku tano za wiki ni mkono tu wa mashine, kutambuliwa huko si jambo dogo, na nadhani ndiko kulikolipiwa kwanza kabla ya muziki.

Kutoka hapo ilizuka hila iliyoathiri bei kuliko kitu kingine chochote: siri. DJ aliyepata sahani nzuri alifunika kibandiko cha katikati kwa karatasi na kuutangaza wimbo kwa jina la uongo, ili washindani wake wasijue waitafute wapi. Wajamaika walikuwa wamekwisha kufanya hivyo katika miaka ya 1950. Mjini Kingston, Coxsone Dodd aliyamiliki mashine za muziki wa mitaani na alikwangua vibandiko vya sahani zake. Wimbo uliokuwa kitambulisho chake, ulioitwa "Coxsone Hop", ulikuwa kwa kweli "Later for the Gator" wa Willis Jackson, na mpinzani wake Duke Reid alipolijua jina hilo, ufalme ulitikisika. Sidai kwamba Waingereza waliiga. Hali zinazofanana huzaa hila zinazofanana: palipo na ukumbi, ushindani na kitu kisichozalishwa tena, taarifa huwa bidhaa yenye bei kubwa kuliko bidhaa yenyewe.

Sahani ya Frank Wilson ilipita njia hiyo hiyo. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba zilichapishwa nakala takriban 250 za majaribio za kugawiwa watangazaji, kisha Wilson akaulizwa na Gordy kama anataka kuwa mwimbaji au mtayarishaji. Alichagua utayarishaji, sahani ikaondolewa katika ratiba, na nakala karibu zote zikaharibiwa. Kwa upande wake hakukosea, maana alikuja kushiriki katika kutunga na kutayarisha nyimbo kubwa kama "Stoned Love" ya The Supremes na "Keep On Truckin'" ya Eddie Kendricks, na baadaye akawa mhubiri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nakala mojawapo iliyosalimika ilifika Uingereza, na wimbo ukapigwa Wigan Casino kwa jina la Eddie Foster. Ukumbi ukashikwa na wazimu wa kuipenda sauti ya mtu asiyekuwepo.

Mwaka 1979 tawi la Motown la Uingereza likauchapisha wimbo huo rasmi na kuuza madukani kwa bei ya kawaida. Hapa pana funzo la uchumi ambalo vitabu vyetu vya kiada hulipita haraka. Kama mahitaji yangekuwa ya wimbo, basi mwaka 1979 bei ya sahani ya 1965 ingeanguka, kwa sababu sauti ileile iliweza sasa kununuliwa kwa fedha ndogo. Leo iko kwenye simu bure. Bei haikuanguka. Ilipanda kwa miaka 40 mfululizo, na umaarufu ulioletwa na toleo la bei rahisi ndio uliopandisha toleo la asili.

Mfano ulio safi zaidi ni wa Darrell Banks. Wimbo wake "Open the Door to Your Heart" wa mwaka 1966 haukushindwa. Ulitamba sana miongoni mwa wasikilizaji weusi wa Marekani, na sahani yake ya Kimarekani si adimu. Mkusanyaji wa kawaida anaimudu. Uingereza palitokea mvutano juu ya nani ana haki ya kuutoa. Kampuni ya London ikaondoa toleo lake, na wimbo ukatoka kwa lebo ya Stateside. Kwa miaka mingi wakusanyaji walibishana kama nakala ya London ilikuwapo kweli. Mwaka 2014 ikajitokeza moja, ikauzwa mnadani kwa pauni 14,543. Sauti ni ileile, gitaa ni lilelile, kila pumzi ya mwimbaji ni ileile. Kilichotofautiana ni kibandiko cha karatasi. Kwa lugha ya uchumi wa siasa, thamani ya matumizi haikubadilika hata chembe, huku thamani ya kubadilishana ikipaa mara maelfu. Anayetaka kuwaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza tofauti kati ya hizo mbili hahitaji kusumbuka na mfano wa maji na almasi.

Banks mwenyewe alipigwa risasi na kufa Detroit mwaka 1970. Miaka 44 inatenganisha kifo chake na mnada ule.

Mahitaji yana pia tabia ya kujila yenyewe. Vijana wa kaskazini walipoipenda sahani ya zamani kwa wingi wa kutosha, makampuni ya London yalinusa fedha na kuitoa upya. Wimbo wa The Tams, "Hey Girl Don't Bother Me", uliorekodiwa mwaka 1964, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1971. "There's a Ghost in My House" wa R. Dean Taylor, wa mwaka 1967, ulifika nafasi ya tatu mwaka 1974. Mara tu wimbo ulipopigwa kwenye redio ya taifa na mama wa nyumbani akauimba jikoni, wacheza dansi waliutupa, na DJ mwenye heshima yake hakuthubutu kuupiga. Wengine walichapa nakala bandia kimagendo na kuzieneza katika milango ya kumbi. Bei ya sahani za aina hiyo ilipanda na kushuka kama bei ya nyanya. Zilizobaki juu ni zile ambazo uadimu wake haukuweza kuguswa na uchapishaji mpya, kwa sababu wanunuzi walikuwa wamegawanyika makundi mawili bila kujua: wanaotaka kucheza, na wanaotaka kumiliki. Kundi la kwanza lilianzisha mahitaji. Kundi la pili, lililojaa watu wa kundi la kwanza waliokua, wakapata kazi nzuri, nyumba na pensheni, ndilo lililoyafikisha kwenye maelfu.

Mtandao ulikuja kuyapanga upya haya yote. Baada ya eBay kuanzishwa mwaka 1995 na hifadhidata ya Discogs mwaka 2000, siri ya kibandiko ilikufa kwa sehemu kubwa. Sahani nyingi zilizodhaniwa adimu zilionekana kuwa adimu Lancashire tu, kumbe katika vyumba vya chini vya Ohio zilikuwapo kwa maboksi. Hizo zilishuka. Zile chache zilizothibitika kuwa adimu duniani kote zilipata wanunuzi wapya kutoka Japani, Ujerumani na Marekani kwenyewe, zikapanda kupita kiasi. Taarifa iliyowekwa wazi haikusawazisha bei, kama wanavyoahidi wapenzi wa soko huria. Iliongeza pengo kati ya sahani ya kawaida na sahani teule.

Nimefika sasa kwenye jambo linaloniuma. Katika safari yote hii, kutoka ghala la vumbi hadi mnada wa maelfu ya pauni, ni nani aliyelipwa? Mwenye ghala alilipwa senti. Mchimbaji alilipwa vizuri. Muuzaji alilipwa vizuri zaidi. Mkusanyaji wa mwisho amelipwa kwa kungoja. Mwimbaji, mpiga besi na mtunzi hawakupata kitu katika mauzo ya sahani ya mkono wa pili, na hilo si bahati mbaya wala uchoyo wa mtu mmoja mmoja. Ndivyo sheria ilivyoandikwa. Tangu mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba haki ya mwenye hakimiliki ya kusimamia uuzaji wa nakala inakoma inapouzwa mara ya kwanza. Rekodi za sauti zenyewe hazikuwa na ulinzi wa sheria ya shirikisho ya hakimiliki hadi Februari 1972, na zile zilizotangulia tarehe hiyo, yaani karibu hazina yote ya soul tunayoizungumza, zilisubiri sheria ya mwaka 2018. Kwa wachoraji mambo ni tofauti: Ufaransa iliwapa tangu mwaka 1920 haki ya kupata asilimia fulani kila kazi yao inapouzwa tena, na Uingereza ikafuata mwaka 2006 kwa agizo la Umoja wa Ulaya. Haki hiyo inahusu picha na sanamu. Sahani ya santuri, hata ikiuzwa kwa bei ya picha, haimo, kwa sababu huhesabiwa kuwa nakala tu. Soko limekwisha kuacha kuiona kama nakala, lakini sheria bado inaiona hivyo.

Zipo njia ambazo fedha ziliwarudia wasanii, na haitakuwa haki kuzinyamazia. Wimbo wa "Tainted Love" uliporekodiwa upya na Soft Cell, ambao waliufahamu kutoka katika kumbi hizohizo, na kushika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1981, mrabaha wa utunzi ulikwenda kwa mtunzi, Ed Cobb. Gloria Jones, ambaye sauti yake ndiyo iliyoufanya wimbo ujulikane kaskazini, hakuwa mtunzi. Kuanzia mwaka 1982 lebo ya Kent ya London ilianza kutoa mikusanyo ya nyimbo hizi kwa leseni halali badala ya kimagendo. Na waimbaji kadhaa wazee, waliokuwa wakiendesha mabasi au kufundisha shule katika miji yao, walialikwa Uingereza wakashangaa kukuta watu elfu moja wanaojua kila neno la wimbo ambao wao wenyewe walikuwa wameusahau. Haya yote yalitokana na nia njema ya baadhi ya wapenzi. Haki inayotegemea nia njema ya mnunuzi ni sadaka, na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaijua tofauti hiyo kwa sababu wao hawalipwi mshahara kwa nia njema ya mtu.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asidhani kwamba haya yako mbali naye. Soul ilifika kwetu mapema, na ilikutana na mamlaka yenye maoni makali juu ya mahitaji ya vijana. Mwaka 1969 ulianza kwa Operesheni Vijana, iliyolenga sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua. Novemba mwaka huohuo mamlaka ya Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Dar es Salaam, ilipiga marufuku muziki wa soul katika mji huo kwa hoja ya kulinda maadili. Serikali ilijaribu kufuta mahitaji kwa amri. Uamuzi huo ulizua ubishi magazetini, na ubishi wenyewe unatuonyesha kwamba vijana wa mji wa bandari na vijana wa Wigan walikuwa wakitafuta kitu kinachokaribiana, ingawa hawakujuana: usiku mmoja wa wiki ambao si mali ya mwajiri wala ya mwalimu.

Muziki huo pia ulitengenezwa hapa. Slim Ali wa Mombasa, akiwa na Hodi Boys, aliimba soul kwa Kiingereza kwa ustadi unaoweza kumsimamisha mbele ya wengi wa Detroit. Sahani za Afrika Mashariki zilichapishwa Nairobi, zikiwamo za bendi nyingi za Tanzania zilizovuka mpaka au kupelekewa kanda zao. Malipo kwa kawaida yalikuwa ya mara moja. Zaidi ya hayo, bendi nyingi za Tanzania zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake wakiwa waajiriwa wa mishahara, na kuuliza leo wimbo fulani ni mali ya nani ni kufungua faili ambalo hakuna anayetaka kulifungua.

Kisha wachimbaji wakafika. Walipokwisha kupekua maghala ya Marekani, wakusanyaji wa Ulaya waligeukia Lagos, Cotonou, Accra, Addis Ababa, na hatimaye Nairobi. Mwaka 2013 lebo ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo ulioitwa Kenya Special, na sahani ndogo za Nairobi, zilizokuwa zikiuzwa sokoni kwa shilingi chache au kupewa watoto wachezee, zikaanza kuwa na bei za fedha za kigeni. Lebo za aina hii hutafuta wenye haki na kuwalipa, na baadhi ya wazee wetu walipata hela yao ya kwanza ya maana kutokana na nyimbo za ujana wao. Sahani zenyewe, zile za asili, zinaondoka kwa mlango mwingine. Zinaingia sandukuni mwa mgeni, zinavuka uwanja wa ndege bila swali, na sijapata kuona maktaba ya umma upande huu wa Afrika ikijitokeza kushindana na mnunuzi huyo kwa hata shilingi moja.

Lawama zangu kwa mgeni ni ndogo. Anafanya walichofanya vijana wa Wigan: anakithamini kitu ambacho wenyewe waliacha kukitazama. Kinachonisumbua zaidi ni aina ya kitu anachokithamini. Mahitaji hayapandishi bei tu, huchagua pia kipi kiokolewe. Masikio yaliyolelewa na soul na funk ya Marekani yanapokuja Nairobi huulizia gitaa lenye mkwaruzo, ngoma za kasi na wimbo ambao mtu wa Berlin anaweza kuuchezea. Sahani ya namna hiyo sasa inafutwa vumbi, inawekwa katika mfuko wa plastiki na kuandikiwa bei. Sahani iliyo kando yake, ya utenzi wa harusi kutoka Lamu, ya kwaya ya Moravian au ya mashairi ya kuhimiza kilimo ambayo shangazi zetu waliyajua kwa moyo, ni adimu vilevile, pengine zaidi. Hiyo muuzaji huitumia kuzuia vumbi lisiifikie ile nyingine.